Panga la Kutembelea

Mlola, 2 Juni 2024

Mwanangu Ismaili,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua nikishuka bondeni. Wewe je, kifua? Huko juu baridi kali, na najua sweta huvai.

Barua yako ya kuniita nije nitembee pengoni, pale mlima unapokatika kwenye msitu unaoulinda, Dula wa lori la kabichi kanipa, na nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka sufuria ikaungua. Ningekupigia, lakini simu ni ya mjomba wako Shabani, na jina lako humu halitajwi tangu ulipomkamata msituni na msumeno wake. Mwaka wa pili huu hukanyagi nyumbani. Mimi mmeniweka katikati, huyu kaka yangu, huyu mtoto wangu.

Sasa nieleze, natembea tu? Pale pengoni nimepita tangu msichana, karoti kichwani, macho chini nisije nikateleza. Hata sijui upande wa pili kunaonekana nini. Eti watu wanatoka Ulaya kuja kupaangalia! Haya, Jumamosi nakuja. Mjomba wako nitamwambia naenda msibani, Mungu anisamehe.

Mama yako.

*

Kwemvumo, 9 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Mimi mzima.

Jana nilikaa pengoni tangu saa mbili asubuhi. Niliomba ruhusa kazini, nikabeba chai, nikatandika koti langu juu ya jiwe ili ukae. Nyika yote ilikuwa wazi mpaka Mkomazi. Saa tisa ukungu ukafunga, nikashuka.

Nimeelewa, Mama. Umemchagua kaka yako, na sikulaumu. Sitakusumbua tena. Idd nitakula hukuhuku.

Mwanao, Ismaili.

*

Mlola, 12 Juni 2024

Ismaili mwanangu,

Salamu baadaye, maana tangu barua yako ifike chakula hakipiti.

Nilikuja. Wallahi nilikuja. Niliamka alfajiri, nikavaa gauni la harusi ya dada yako, nikachukua panga na kamba. Usiniulize kwa nini. Miaka yote hii nani kaingia msituni mikono mitupu? Mkono ulivichukua wenyewe.

Langoni kijana mmoja akanisimamisha. "Bibi, panga la nini?" Nikamwambia la kutembelea. Akacheka mpaka akashika kofia. "Na kamba? Wewe mtalii wa wapi, wa kufunga kuni?" Halafu akakunja uso, akatoa daftari. "Haya, jina. Mama wa nani wewe?"

Nikawaza, mjomba mtu alishakamatwa, leo na mama? Wenzako watasema Ismaili anakamata watu na kwao ndiko kwenye wezi wa msitu, kazi itakuponyoka. Nikamjibu, "Sina mtoto huku." Akanionea huruma, akasema shuka bibi, usirudie. Nikashuka.

Wewe uko juu unanisubiri, mimi chini nakukana. Hilo ndilo linaniuma, goti si kitu. Jana mjomba wako kanikuta nalia jikoni, nikamwambia yote, na msiba wa uongo nikautaja. Akasema, "Dada, si ungemtaja tu mtoto?" Akatoka.

Usikasirike, baba. Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako.

*

Kwemvumo, 14 Juni 2024

Mama, shikamoo. Shikamoo tena.

Mimi mzima, ila nina aibu kwa nilivyokuandikia.

Nimemuuliza Kristian wa langoni. Bibi wa panga anamkumbuka, siku nzima alikuwa anawasimulia wenzake. Anasema ulishaanza kushuka, ukarudi, ukamuuliza kama walinzi wa hapa wanapewa blanketi za kutosha. Alishangaa sana, mwizi wa kuni na blanketi wapi na wapi. Mimi sikushangaa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ofisi mpaka macho yakauke.

Jumapili nashuka, Idd nile nyumbani. Nitaanzia kwa mjomba. Asipoitikia shikamoo yangu, nitakaa barazani kwake mpaka aitikie. Idd ikipita tunapanda pengoni mimi na wewe, na yeye akitaka. Tukifika langoni usijibu chochote. Nani ni mama yangu, nitasema mwenyewe.

Mwanao, Ismaili.