Dakika Mbili Alizopewa Athumani

Mwanza,
Jumatatu ya kwanza baada ya Idi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Siku ya arobaini ya Baba tulipozungumza kwenye simu nilikusikia unahema, na tangu hapo sijatulia. Ule mlango wa uani kaka Issa ameshautengeneza? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio bado; mtu akikohoa kama Baba, nageuka kutazama.

Leo naandika nikiwa nimechoshwa na watu, Mama. Kazi yangu unaijua: kwenye hii kampuni ya mieleka ya maonyesho mimi ndiye ninayepanga nani apambane na nani, nani ashinde, na kwa dakika ngapi. Tuna wakubwa ambao watu wanawajua kwa majina, na tuna wanafunzi wa kambini ambao hawajulikani na mtu. Kila Jumamosi mkubwa mmoja hupangiwa mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi lazima ashindwe, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni namna anavyoshindwa.

Mkurugenzi wetu anataka wote waangushwe ndani ya dakika mbili. Mwanafunzi mmoja, Juma, alipoangushwa hivyo, watu wa sokoni wakampa jina la Dakika Mbili, mpaka akafunga begi lake akarudi kwao. Sasa ikawa zamu ya Athumani, mtu wetu wa Kikole, aliyeacha shamba la ufuta la mjomba wake kwa ajili ya mieleka hii. Mkurugenzi alishasema, watazamaji wasipompenda Jumamosi hiyo, anamtoa kambini. Nikampangia dakika kumi na Kulwa, yule mkubwa anayejiita Ngurumo, ambaye kazi yake ni kuwatukana watazamaji ili wamchukie. Kulwa akakubali. Ijumaa mkurugenzi akachukua daftari langu, akafuta kumi kwa kifutio, akaandika mbili.

"Nyota hatolewi jasho na mwanafunzi," akasema.

"Na mwezi ujao nyota wako atapambana na nani, ikiwa umeshawamaliza wote?"

"Somoe, wewe mlaini mno. Hii ni mieleka, si unyago wa kwenu."

Iliniuma. Nilimkumbuka Baba amelala chali kwenye ule mkeka wenye kona iliyoliwa na panya, mimi na Issa tumemkalia kifuani. Issa anahesabu, moja, mbili, na kabla ya tatu Baba anatubeba wote wawili hadi mlangoni. Kila Ijumaa tulikaribia kumshinda. Je, kuna siku tulimwona mnyonge? Na sisi tulitoka hapo tukijiona wanaume wa mji mzima, hata mimi. Jambo dogo kama hilo nimeshindwa kumwelewesha mtu mwenye kampuni.

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa. Kulwa akapanda ulingoni na kipaza sauti, akawatukana watu mpaka wakamzomea. Athumani naye akapanda. Hapa kosa ni langu, Mama. Wawili hawa walikuwa hawajawahi kukutana, maana wakubwa hawaji kambini, nami nilimfundisha Athumani kila kitu isipokuwa kwamba mule ulingoni hakuna maamkizi. Mtoto wa kwetu atamkamataje mtu mzima kabla hajamwamkia? Akainama mbele ya Ngurumo.

"Shikamoo, mzee."

Na Kulwa, kipaza sauti kingali mdomoni, akasahau ubaya wake wote. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja muuza karanga akapiga kelele, "Haya, Ngurumo, mpige sasa! Si ameshakuamkia?"

Zile dakika mbili zikafia palepale. Kulwa angemwangusha vipi mara moja mtu aliyemwita mwanangu? Akavuta mambo. Watu wakaanza kuita, "Athumani! Athumani!" Mara mbili alimbana Kulwa chini, watu wakapiga makofi, mwamuzi akahesabu mpaka mbili, na kabla ya tatu Kulwa akajinasua. Dakika ya tisa Kulwa akamwangusha, akashinda kama ilivyopangwa, na watu wakasimama wakawapigia makofi wote wawili.

Nikadhani sasa mkurugenzi ameelewa. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo anacheka. "Athumani anabaki. Somoe, andika: kuanzia leo kila mwanafunzi amwamkie mkubwa, kila Jumamosi. Halafu dakika mbili, kwisha."

Mama, niliweka kalamu chini. Nilitaka kulia. Aliyejibu ni Kulwa, huku anajifungua bandeji mkononi. "Marahaba moja inatosha, bosi. Watu walipiga makofi aliponibana. Na mimi bado ni Ngurumo."

Mkurugenzi akatazama sakafu, akatoka. Jumamosi ijayo Athumani yupo tena. Nimemwandikia dakika kumi, kwa wino, nione hicho kifutio chake kitafanya nini.

Nisalimie shangazi, dada yake Baba, na mwalimu wa madrasa aliyetusomea hitima. Akitokea mtu anayepita Kikole, amwambie mama yake Athumani kwamba mwanawe hajafukuzwa. Na ule mkeka usimpe mtu, Mama, hata ukichakaa. Mimi sikuwahi maziko. Siku mkiutandika, nikumbukeni.

Mwanao,
Somoe