Mlango Wako Ulipaswa Kulala, Baba

Baba,

Ni mimi Nyambura, yule uliyemwita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nimekaa nyuma ya kaunta ya hardware yetu hapa Kapsoit, mvua inapiga mabati, hakuna mteja. Nakuandikia kwa sababu picha imetoka. Picha imetoka, Baba! Nyota ni nukta, si mistari. Nimeanza na hilo ili usikae huko ukingoja, najua ulivyokosa subira.

Sasa wacha nikueleze pole pole.

Kile chombo chako ulikiita Mlango, na kweli kilikuwa mlango mdogo: mbao mbili zilizoungwa kwa hinji, bolti ndefu inayousukuma ubao wa juu, na kamera kuukuu uliyoachiwa na yule mpiga picha za harusi. Ulisema wenye nazo wananunua mashine ya kufuata nyota, sisi tuna duka la misumari. Ukizungusha nati taratibu, ubao unafunguka, kamera inageuka pamoja na anga, nyota haitoroki.

Haraka yako ilikuwa ya Shosho, mama yako. Daktari wa macho alisema jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, dawa inachelewesha tu. Ndipo ukaapa kwamba kabla halijazima ataona tena Kilimia, kile kikundi cha nyota alichokuwa akikitazama jioni huko Nyandarua, wewe ukiwa mgongoni, ili ajue mvua iko karibu atoe mbegu. "Kama hawezi kukiona juu," ulisema, "nitamshushia."

Ukashusha mistari. Kila jioni ya wazi, mistari tu. Mama akakuambia umepiga picha ya tambi. Ulicheka na sisi, lakini nilikuona ukizifuta zile picha ukiwa umetugeuzia mgongo.

Halafu mwezi wa tatu ukaanguka hapa hapa dukani, ukimpimia mtu waya wa kuku. Bado sijui niliandikeje hilo. Mteja alidhani umeinama kuokota koleo.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, pale majani chai yanapoishia. Mzee wa kanisa alifika alfajiri na kamba yake. Akangoja jua litokeze, akaivuta kamba kulielekea, akasema kichwa kikae magharibi na miguu mashariki, ili siku ya parapanda ukiinuka uangalie macheo. Baadaye fundi akaja kumwaga saruji, na nilimsimamia na pimamaji yako mwenyewe mpaka kipovu kikatulia katikati. Ungemfukuza kama kingekaa upande.

Mlango niliusukuma chini ya kaunta. Sikutaka kuuona. Ila Shosho, kila nikimpelekea uji, ananishika mkono: "Nyambura, ile ahadi ya baba yako, alienda nayo?" Anageuza uso kwenye dirisha kutafuta mwanga, kichwa kikiinama hivi, jicho lile moja likihangaika. Nikaona basi, nikifa na hili sitalala.

Nikautoa Mlango, nikatazama tena zile video ulizokuwa ukizitazama. Yule mzungu wako anasema hinji ielekee ile nyota ya kaskazini ambayo haihami, na ubao uinuliwe kulingana na mahali ulipo. Nawe ulikata kabari ya mbao kama yake, mwinuko ule ule, ukaipiga na msasa vizuri sana. Ukapanda mpaka kwenye tangi la maji kutafuta nyota ya kaskazini, ukarudi umejaa tope ukilaumu vilima.

Baba, yeye yuko kwao! Huko ile nyota iko juu angani, ndiyo maana anainua. Sisi tuko hapa, ikweta iko karibu kiasi kwamba boda boda inakufikisha. Hapa nyota hiyo imelala chini kabisa kwenye ukingo wa dunia, nyuma ya vilima, hata ungepanda mnara usingeipata. Anga letu halizunguki juu ya kichwa kama mwavuli. Linabingirika, linapanda mashariki na kushuka magharibi, na mhimili linaouzunguka umelala chini, kaskazini hadi kusini. Ile kabari yako nzuri ndiyo iliyotuharibia. Mlango ulipaswa kulala!

Nilicheka peke yangu hapa dukani mpaka nikalia. Ngai! Miaka yote hiyo unatafuta kitu juu, na kumbe kipo chini ya miguu yako. Tena si wewe tu, hata mimi niliyesoma jiografia sikuwahi kuwaza. Tangu siku hiyo nikitoka nje jioni natembea kwa adabu, kwa sababu najua kinachozunguka ni hii ardhi ninayoikanyaga.

Kuulaza tu hakukutosha. Mlango ulihitaji mahali pagumu, palipo sawa, na mstari kamili wa kaskazini na kusini. Kwenye majani meza ilizama, kwenye veranda taa za kiwanda cha chai zinapiga macho. Nilizunguka boma lote na pimamaji mkononi. Palipokuwa sawa palikuwa mahali pamoja tu, Baba, na unapajua.

Mama alikuja juu. "Utamwekea baba yako mbao kifuani? Watu wa kanisa watasema nini?" Nikamwambia kama kuna mtu hatalalamika ni huyo. Tukanywa chai ya saa kumi. Kisha akatoka na ufagio, akafagia juu yako mwenyewe.

Kutafuta mstari nilitumia jua. Nikasimamisha kijiti kwenye kopo la mchanga katikati ya saruji yako, nikachora duara la chaki kukizunguka. Asubuhi ncha ya kivuli ilipogusa duara nikatia alama. Alasiri, mawingu yakinitisha, ikagusa upande wa pili, nikatia nyingine. Ukiziunganisha alama hizo unapata mashariki na magharibi ya kweli. Nikavuta uzi.

Uzi ukalala sambamba na ukingo wa kaburi lako.

Nilipima mara mbili, nikamwita Mama apime. Mzee wa kanisa alikuzika mwezi wa tatu, wakati jua linapotokea mashariki hasa, naye hakujua anapima anga. Nyota zinapanda kwenye miguu yako, zinapita, zinatua kichwani pako. Tulisimama pale na uzi wetu, mimi na Mama.

Jioni stima ikapotea Kapsoit nzima. Uliwahi kuona watu wakishangilia giza? Niliulaza Mlango juu yako, hinji upande wa kichwa, kukata uzi ule kwa pembe ya mraba. Mama akaweka saa ya ukutani mapajani, akawa anazungusha nati kwa mlio wake, kidogo kidogo, shuka kichwani, midomo ikisogea. Nilidhani anahesabu. Kumbe alikuwa anakuongelesha.

Kioo cha kamera kikawaka, na mimi nikapiga magoti. Zilikuwa zimetulia, Baba. Nyota zote zimetulia kama punje za chumvi, na katikati Kilimia, na kukizunguka moshi wa buluu ambao jicho la mtu halijawahi kuuona kutoka hapa nyumbani. Moshi huo uko juu ya choo chetu na ng'ombe wetu kila mwaka! Mama alisema tu, "Haki, Mungu hana haraka."

Stima iliporudi niliiweka picha kwenye televisheni, nikamleta Shosho mpaka magoti yakagusa meza. Aligeuza uso huku na huku, kama anayetafuta dirisha. Nikajua nimechelewa. Kisha akanyoosha kidole, akagusa kioo, akahama, akagusa tena.

"Zilikuwa chache," akasema. "Kumbe zimezaa."

Akauliza nani amezileta. Nikamwambia ni mwanawe. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu alichoagiza.

Jicho lake limezima sasa, Baba. Halikungoja mwaka uishe. Lakini hanishiki mkono tena kuniuliza habari ya ahadi. Jioni ananiuliza tu Kilimia kimefika wapi, nami natoka, natazama, narudi kumwambia. Nitafanya hivyo kila jioni akiwa hai, nakuahidi, hata siku ya mvua nitamwambia kiko nyuma ya mawingu.

Kuna mteja ameingia, anataka hinji. Lala salama, Baba. Lala hivyo hivyo ulivyolazwa, usigeuke hata kidogo, maana kukikauka nakuja tena na Mlango.

Mami wako,
Nyambura