Ruhusa ya Sajini Radi

Kwako Dada Mkubwa,

Pokea shikamoo mbili: moja ya heshima, nyingine ya akiba, maana najua ukifika mwisho wa barua hii utataka kunirudishia ile ya kwanza. Magoti yanaendeleaje? Na ile sauti yako, bado inasimamisha mbwa wa jirani barabarani? Mimi sijambo. Meno yamebaki machache lakini yanaelewana. Wifi yako anakusalimu. Anasema nimezidi uchokozi, nami namwambia uzee bila uchokozi ni ugonjwa.

Umelalamika kwamba siku hizi siandiki. Naandika, dada, ila kitu kingine. Tulia nikupe habari tangu mwanzo.

Jeshini, kama ujuavyo, bunduki niliishika kwa nadra. Nilichokishika ni mashine ya kunyolea. Makuruta walipangwa kwenye benchi, nami nikawapitia vichwani kama mtu anayefyeka nyasi. Nilipovua gwanda nikafungua kibanda cha kinyozi: kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mpiga chapa, kesho yake anaoa, akaomba nimpunguze kidogo tu pembeni. Mkono, dada, ulikuwa bado haujastaafu! Nilipozinduka, bwana harusi alikuwa kuruta kamili, kichwa kinameta kama sufuria mpya. Akajishika utosi, akauliza bibi harusi atamtambuaje. Nikamwambia atamjua kwa masikio.

Hakucheka. Machozi yalipoanza kumlengalenga, nikaona nimpoze kwa kisa cha sajini wangu, Sajini Radi, aliyemtoa kuruta mvivu uvunguni mwa kitanda kwa kumvuta sikio, akamtukania mpaka babu wa babu yake, kisha akamfunulia sahani ya chakula aliyomwekea. Bwana harusi akaangua kicheko hadi kitambaa kikamtoka shingoni. Nywele zilipoota akarudi, si kunyolewa, kusikiliza. Wengine wakafuata. Ikawa mtu nimeshamaliza kumnyoa lakini habanduki kitini, na anayengoja anafoka: huyu kaja kunyolewa au kupanga chumba?

Mpiga chapa huyo huyo ndiye aliyenikalia kooni niandike. Nikamjibu kwamba shule niliikimbia kabla haijanizoea. Akasema niandike kama ninavyonyoa, nianzie mbele, ila safari hii nisimmalize mtu nywele. Basi nikaandika kwenye meza ya jikoni, wifi yako akinisukumia pembeni kila alipotaka kukata kitunguu. Dada, kitabu kimekwisha! Nduguyo, mimi huyu, nina kitabu! Kurasa zimeshachapwa, nimezinusa mpaka pua imekuwa nyeusi.

Lakini mpiga chapa amegoma kutia jalada. Anasema mtu mkali kiasi kile, kama yu hai, sharti atoe ruhusa kwa kinywa chake, asije akamvunjia mashine. Na wateja wameapa hawanunui hata nakala moja mpaka wamwone Sajini Radi kwa macho. Wameshamtengea kiti cha mbele. Nisipomleta nitaitwa mzushi, na jasho langu lote litaishia kufungia misumari dukani.

Sasa kaa chini, kama hujakaa. Sajini wangu wa kweli alikuwa mtu mpole, akiamrisha utadhani anaomba chumvi. Ukimwandika huyo, msomaji anasinzia. Sajini Radi ni wewe. Nimekuvika buti, nimekutia na masharubu, unisamehe, yamekupendeza. Lakini uvungu ule ni wa nyumbani kwetu, sikio ni hili langu, sahani iliyofunikwa ni yako, na yule babu uliyemtukana ni wetu sote. Hata ukurasa wa mwisho ni wako: asubuhi ile naondoka kwenda jeshini, ulipoinama ukanifunga kamba za viatu, kisha ukanionya kwamba nikithubutu kufa utaniua. Kote nilikopelekwa, dada, hakuna amri niliyoitii kama hiyo.

Basi, Afande, naomba ruhusa. Ukikubali, panda basi uje mwenyewe; habari ya masharubu tutawaeleza huku huku. Wasalimie watoto na wajukuu, na mbwa wa jirani pia, mpe pole zangu. Utanikuta kituoni nimesimama wima, mkono kwenye paji la uso, na kamba za viatu nimeziacha wazi makusudi.

Ni mimi mdogo wako,
Kuruta wa Uvunguni