Nyoosha Kidogo

Alhamisi, 4 Agosti 2005

Inatangazwa kwa wakazi wote wa studio hii ya Kizota — yaani mimi, Nasri na mijusi — kwamba kuanzia leo kompyuta yetu imeacha Windows na kuingia Linux. Sherehe imeahirishwa. Umeme umekatika.

Nimechoka! Windows ya kuchomewa mtaani, virusi tele, inaganda katikati ya ubeti. Anthony, mwalimu wa kompyuta, kanipa CD ya Linux. Bure, tena halali. Nasri, mpiga kinanda wangu, anasema cha bure hakina besi. Kasema hivyo huku mimi na kitambi changu tumelala chini ya meza, tunatafuta waya.

Ijumaa, 5 Agosti

Mzee Bartolomayo, mwimbaji wa Kigogo, kaja kutoka Kongwa na zeze lake. Jumatatu anapasuliwa koo. Daktari kamwambia sauti huenda isirudi.

Kaimba mpaka nusura nikose swala ya Ijumaa. Linux haikuganda! Na zamani mwimbaji alijisikia kwenye hedifoni amechelewa, kama anaitikiwa na jabali. Leo hapana. Nimetamba sana.

Jumatatu, 8 Agosti

Kalamu inatoboa karatasi. Nasri kauchukua wimbo kwenye CD, kaupeleka kwenye Windows yake nyumbani, kavuta kila noti ya zeze na ya koo la mzee mpaka zikalingana na kinanda! Nani kamwambia zeze la Kigogo limekosea?

Paulina, mke wa Bartolomayo, kasikiliza. Kavua hedifoni taratibu.

"Huyu simjui."

Na mwenyewe yuko chumba cha upasuaji.

Nasri anadai nilimwambia anyooshe. Mimi! Nimemwita mwongo, mharibifu, mpiga kinanda wa harusi za mkopo. Mbele ya mkewe, Shamila.

Jumatano, 10 Agosti

Ardour, programu ya kurekodia, haikufuta kitu. Rekodi ya Ijumaa imo yote kwenye diski. Nimemfungulia Paulina. Zeze, kikohozi, koo la mumewe linavyokwaruza.

"Ndiye," kasema, akalia.

Nikaiacha iendelee. Wimbo ukaisha, maikrofoni bado wazi. Ikaja sauti ya mtu mnene, mwenye haraka: "Nasri, hapa katikati pamepinda, nyoosha kidogo."

Ni mimi. Nilitaka akate vikohozi tu. Kwa mpiga kinanda, kunyoosha ni kunyoosha noti. Sikueleza, nilikuwa nawahi msikitini. Ndivyo ilivyokuwa, basi.

Nje Nasri anafunga kinanda chake kwa khanga ya Shamila. Mkokoteni umeshafika. Anafunga polepole mno kwa mtu mwenye hasira.

"Shemeji," Paulina kaniambia, "hutoki?"

Naandika kwanza.