Nyuzi Mpya za Ibada ya Baba Gerishon

Mwaka mmoja umetimia, Baba yetu Gerishon Sifuna, tangu usiku ule ulipolala usiamke, hapa nyumbani Kinoo.

Tunaukumbuka upole wako. Pale River Road, kwenye chumba chako cha kutengeneza gitaa juu ya duka la rangi, hukumfukuza mtu. Aliyekuja na gitaa iliyopasuka ulimpa kiti kwanza, ndipo ukauliza ilianguka wapi. Chai yako uliiacha mpaka ipoe. Miwani uliitafuta huku unapiga mluzi, nayo iko kichwani mwako.

Tunakumbuka pia ulivyozihurumia nyuzi mpya za nailoni. "Uzi mpya haupelekwi kanisani siku unapofungwa," uliwaambia wateja, nao wakacheka. Uliufunga, ukauvuta taratibu kwa kidole mbali na mbao, ukaukaza, ukapiga kidogo, ukauacha. Kesho yake sauti imeshuka. Ukarudia bila kununa, mpaka uzi uzoee.

Binti yako Nanyama aliyasikia hayo tangu alipoacha shule akaja kukusaidia. Ndiyo maana mpaka leo hajui auweke wapi uso wake. Asubuhi ya ibada ya kukuaga, kabla hatujakusafirisha Bungoma kukuzika, aliitazama gitaa yako, akaona nyuzi zimekuwa nyeusi kwa jasho la vidole vyako. Akaona si heshima uagwe kwa nyuzi chafu. Akazitoa zote, akafunga mpya, akaenda nayo kanisani.

Ubeti wa kwanza ulienda vizuri. Wa pili, sauti zikaanza kuteleza, kila uzi na njia yake. Kwaya ikanyamaza. Jirani yetu Mwaura akanong'ona, mnong'ono wa kusikika hadi mlangoni: "Aki hiyo gitaa imelewa!" Watu wakacheka, Baba, na jeneza lako liko mbele yao. Nanyama akaiweka gitaa chini akatoka nje. Safari nzima ya Bungoma alijifunika leso usoni.

Tangu siku hiyo gitaa ilikaa ukutani. Kanisani Nanyama anakaa karibu na mlango. Wateja wako wakimsimamisha njiani kukusifu, anaangalia viatu vyao.

Mwezi huu mkeo, Mama Respah, alimwambia, "Nanyama, kwaya wanasema wataleta kinanda kwa ibada ya kumbukumbu ya baba yako."

"Wakilete, Mama."

"Fundi wa gitaa akumbukwe kwa kinanda?"

"Mimi nilishamwaibisha. Mara moja inatosha."

"Kwani nimekuuliza kuhusu aibu? Nimekuuliza kuhusu gitaa."

Jumatatu tulimkuta ameishusha. Amefunga nyuzi mpya, na zile nyembamba, ambazo hupenda kuteleza, amezizungusha zaidi kwenye fundo kama ulivyofanya. Asubuhi kabla ya kwenda kufua nguo za watu Lavington, na jioni akirudi, anazivuta, anazikaza, anapiga kidogo, anaziacha. Jumatano zilishuka zote, akalia. Kufikia Ijumaa zilikuwa zimetulia, isipokuwa uzi wa tatu. Huo bado unashuka.

Mama alimhurumia, akamwambia basi aache, kwaya wapige kinanda chao. Nanyama akasema polepole, "Ukishuka, nitanyamaza katikati ya wimbo, niukaze mbele yao wote, halafu niendelee. Na Mwaura aseme."

Uso wake ulikuwa unawaka kwa aibu alipotamka maneno hayo. Lakini aliyatamka.

Ibada ni Jumapili hii, saa nne asubuhi, kanisani kwetu Kinoo. Wote mliomfahamu, karibuni.

Unakumbukwa na mkeo Respah, binti yako Nanyama, ndugu yako Mukonyo, mafundi wenzako wa River Road na wote uliowafungia nyuzi.

Maadamu tupo, Baba, hutasahaulika.