Mzee Saburi Apiga Hodi

Kijiji cha Nambambo,
Nachingwea.
12 Agosti 2025

Mpendwa kaka Jamali,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Bukoba, wewe na wifi, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Ufuta tumevuna, mikorosho imeanza kutoa maua, na mama kila wiki anauliza kama unapata ugali au unalishwa ndizi tu.

Kwenye simu ningekusimulia mbiombio, na habari hii haitaki haraka. Nimeitoa kwenye daftari langu la kila siku.

Unamkumbuka Mzee Saburi, mtani wetu aliyekuficha viatu siku uliyotoka jando. Basi Alhamisi, tarehe 7, aliwekwa mahabusu.

Shangazi Mwamini amemaliza nyumba yake ya bati kule Mandawa. Siku hiyo alikuja kwangu, nyumba akamwachia jirani yake Lucia, mke wa Masanja, wafugaji waliohamia mwaka jana kutoka Kanda ya Ziwa. Mzee Saburi akapitia mlango wa uani, akajifunga kanga ya shangazi, akaketi kitandani amempakata jogoo. Lucia hakuwahi kuambiwa habari za utani wetu. Alifunga mlango kwa nje, akapiga yowe la mwizi, majirani wakamfikisha mzee polisi.

Tulipofika polisi Ruangwa, mimi na shangazi, askari alikuwa anamsomea kosa lake: kuingia katika jengo la mtu bila ruhusa kwa nia ya kutenda kosa, au kutisha, kutukana au kuudhi.

"Kuiba sikukusudia, mwanangu," Mzee Saburi akajibu. "Lakini kuudhi, hiyo andika. Nilikwenda kumuudhi Mwamini mpaka alie."

Askari akaandika.

Hapo niliogopa, kaka. Jumamosi ilikuwa ndoa ya Shamimu, binti wa Mzee Saburi, na walii wa kumwoza ni yeye. Ijumaa ni Nane Nane, mahakama haikai. Angelala ndani hadi Jumatatu. Nikamtazama shangazi atuokoe. Unajua alisema nini?

"Afande, mzee huyu simjui. Ila sura yake ya mwizi wa kuku."

Mzee Saburi alicheka mpaka akakohoa. Askari hakucheka, aligeuza ukurasa. Nikamfinya shangazi, nikafungua daftari, nikasoma ya tarehe 15 Juni, siku ya kuezeka: "Mzee S. kasema mbele ya mafundi, mkiipa nyumba hii kisogo naingia, nakula jogoo. Shangazi kajibu, ingia, usipoingia wewe si mtani. Bati zimepelea mbili."

"Mama, ruhusa ulitoa au hukutoa?" askari akauliza. "Hapa si matangani."

Safari hii shangazi alijibu kwa adabu: alitoa, na malalamiko hana. Askari akatueleza kwamba kama mwenye nyumba alimkaribisha, kosa hilo halisimami, hata mgeni awe kero namna gani. Akatuomba utani wetu tukaufanyie mbali na kituo chake.

Lucia alikuwa nje analia kwa haya. Mzee Saburi akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Miaka arobaini naingia nyumba za watu hawa, hakuna aliyewahi kunifungia. Mwenye akili ni wewe peke yako." Masanja akasema hata kwao watani wapo, ila jogoo hawaachiwi.

Jumamosi Lucia alikuja kwa Mzee Saburi kusaidia kupika pilau. Shehe ameketi, bwana harusi ameketi, anasubiriwa walii. Mzee Saburi akatokea na kanzu yake nyeupe, akamkuta Lucia mlangoni kashika mwiko.

"Unaingia kwa nia gani?"

"Kumwoza binti yangu!"

"Na ruhusa?"

Watu walivunjika mbavu. Mzee wetu akarudi nyuma hatua mbili, akavua kofia, na kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe akapiga hodi. Lucia alimwacha apige mara tatu.

Mama anakusalimu, shangazi Mwamini pia, na Shamimu na mumewe. Mzee Saburi anasema viatu vyako bado anavyo. Mungu akufungulie milango ya heri popote uendako, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Hajra