Shikamoo ya Kwenye Hema

Esta usicheke. Nimesema USICHEKE.

Nipo Mgori, Sostenes kanileta kwao mara ya kwanza. Si baba yake kafungua sehemu ya kupiga kambi chini ya vilima? Wageni wanakuja na yale magari yenye kitanda na jiko ndani. Mimi mchumba nikapewa hema.

Asubuhi nasikia mtu anakohoa nje. Kufungua macho, naona kivuli kwenye turubai. Kina NDEVU. Na zile ndevu za baba mkwe nilishakutumia picha.

Nikajifunga kitenge, nikapiga magoti humo humo ndani. "Shikamoo baba."

Nikapaza sauti.

"Shikamoo baba!"

Akakohoa tu. Nikajua kanuna, jua limeshatoka na mkwe bado kalala. Esta, nikaanza kuomba msamaha! "Nisamehe baba, kwetu sikulelewa hivi, ni uchovu wa safari."

Akakohoa tena.

Nikafungua zipu.

BEBERU. Beberu la mbuzi, linatafuna sketi yangu niliyoanika kwenye kamba ya hema, linaniangalia.

Nimelipigia beberu magoti!!

Mara sauti kutoka dirisha la gari la wageni. Baba mkwe mwenyewe, alikuwa humo anafagia muda wote: "Marahaba, mwanangu. Huyo huwa haitikii."

Nikafunga zipu nikajificha.

Sasa hivi mama mkwe kaniletea uji, mabakuli mawili. Nikamuuliza la pili la nani.

"La baba yako wa hapo nje. Mpelekee, na umwamkie vizuri."